Baiskeli ya Pacha, Mwili Wangu

Jumamosi, 7 Machi

Imefika! Sanduku refu, jembamba, nikasema ni jeneza la twiga. Shemeji hakupenda. Kweli, si neno la kusema mbele ya mtu ambaye mke wake aligongwa na gari mwaka jana. Nikaomba radhi. Pacha wangu, mke mwenyewe, ndiye aliyecheka.

Tuliifungulia sebuleni kwao — mlango wao unatazamana na wangu, ngazi moja. Baiskeli ya triathloni kweli kweli. Nyeusi, na ukiitazama kwa mbele ni nyembamba hadi unadhani haipo. Usukani wake si usukani ninaoujua. Vishikio viwili pembeni, halafu katikati vifimbo viwili vimetokeza mbele, vya kulalia mikono. Unalala juu ya viwiko vyako, upepo unakupita mgongoni. Shemeji ameiagiza kutoka mbali ili Pacha arudi kwenye mbio za Mei — kuogelea, baiskeli, kukimbia, yote siku moja, mchezo wa watu wasiojua kupumzika. Ile ya zamani iliishia chini ya lile gari.

Wote tukamtazama Pacha. Akaizunguka. Akagusa kiti kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Akasema nzuri mno. Kisha akanigeukia: ipande wewe kwanza, Pacha, uikague, mwili si ni mmoja?

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mama alikuwa akitushonea, anampima mmoja anakata nguo mbili. Aliyekuwa karibu ndiye aliyepimwa. Viatu vivyo hivyo. Hata gauni lake la harusi nilipimiwa mimi, bibi harusi akiwa kwenye bwawa anaogelea. Likamkaa vizuri, au ndivyo tulivyosema sote.

Shemeji akaafiki. Daktari ameruhusu, lakini taratibu. Kwa hiyo mimi nitangulie, tuiweke sawa, yeye aje aikute tayari. Nikasema haya. Ujuzi wangu wote ni kuendesha baiskeli ya kikapu kwenda dukani kutengeneza miwani ya watu na kurudi. Lakini nilifurahi, bwana! Naliandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi.

Jumapili, 8 Machi

Naandika nimesimama. Daftari liko juu ya friji. Kile kiti — aliyekibuni hana makalio, au anawachukia wenye nayo.

Tulikwenda kwenye ile barabara ya nyuma ya maghala, Jumapili haina magari. Mimi, Pacha, Shemeji, na kocha wa Pacha. Kocha tunamwita Filimbi maana haivui shingoni hata akienda benki. Nilipolala kwenye vile vifimbo baiskeli ikaanza kuyumba kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Nikapiga kelele. Filimbi akapiga filimbi. Sijui alitaka nifanye nini.

Pacha alikaa ukingoni mwa barabara, miguu ameikunja, ananihoji. Panauma wapi? Mifupa au nyama? Mifupa, nikasema. Basi mifupa itazoea, akasema, ingekuwa nyama tungebadilisha kiti. Vidole vinakufa ganzi? Viwiko? Magoti unayahisi ndani au nje? Anauliza vizuri huyu. Ni mtu anayeujua mchezo wake hadi mzizi. Nilipomwambia aje ajaribu japo mita chache, akatazama saa. Mama anatusubiri, akasema.

Mama hakuwa anatusubiri.

Jumanne, 10 Machi

Kazini nimetembea kama bata. Bosi kaniuliza kulikoni, nikasema nimeanza michezo. Kacheka mpaka kafuta machozi na kile kitambaa cha kufutia vioo.

Alhamisi, 12 Machi

Kwa Fundi wa baiskeli, karakana yake iko nyuma ya duka la rangi. Mtu mrefu, sauti ya kukwaruza, anaongea na baiskeli kuliko anavyoongea na watu. Aliifunga ile nyeusi kwenye fremu ya chuma, gurudumu la nyuma juu ya roli, kile chuma cha kuzungukia papo hapo bila kwenda popote, akasema haya, mwenye baiskeli apande.

Nikapanda mimi. Akauliza mwenyewe si yule? Pacha akajibu, "Huyu ni mimi tu, Fundi. Piga kazi." Fundi alitutazama, mmoja, mwingine, akatikisa kichwa. "Haya bwana, nyie hata mkimkopa mtu haitajulikana nani alipe." Tukacheka.

Akaanza. Kiti juu kidogo. Nikanyage. Kiti mbele kidogo. Nikanyage. Akashusha timazi kutoka kwenye goti langu kuangalia linaangukia wapi kwenye pedali. Akasogeza vilalio vya viwiko, akavitanua upana wa kidole. Nikamwambia hapa pananisugua, akaondoa. Kila alichogusa nilikisikia mwilini papo hapo. Nilimwelewa kabisa — ndiyo kazi yangu mimi pia, nakunja mkono wa miwani unywele mmoja tu na mtu anaacha kuumwa kichwa.

Mwisho wa yote akaja upande wa mbele. Usukani umeshikwa na bomba linalosimama, na chini ya usukani kuna pete zimepangwa. Ukitaka mbele pashuke, unatoa pete za chini unaziweka juu. Akatoa moja. Nikalala. Akatoa nyingine. Nikalala zaidi, mgongo ukawa meza. Filimbi alikuwa mlangoni, akasema hapo hapo! Pacha akauliza mabega vipi? Nikasema mabega hayana neno.

Sasa bomba limebaki linachungulia juu, na pete zake kama shingo yenye shanga. Fundi anasema itabidi alikate, mtu akianguka mbele lisimchome kifua, na upepo haupendi vitu vinavyochomoza. Lakini si leo. Tuendeshe kwanza. "Likikatwa haliungwi, dada." Alinitazama mimi aliposema, kisha akakumbuka, akamtazama Pacha.

Ijumaa, 13 Machi

Kichekesho cha dukani. Amekuja mama mmoja na kaka yake. Anataka miwani ya mumewe, mume yuko safarini. Anasema kichwa ni sawa na cha huyu kaka, mpime huyu. Nikamwambia mama yangu, miwani inapimwa kwa mvaaji. Pua ya mtu haina mfano wake, masikio mawili ya mtu mmoja hayalingani, sembuse ya watu wawili. Akabisha. Kaka mtu keshakaa kitini, keshavua kofia, yuko tayari! Nikakataa katakata. Wakaondoka wamenuna.

Nilimsimulia Pacha jioni. Nilidhani atavunjika mbavu. Alitabasamu tu, akasema ulifanya vizuri.

Jumapili, 15 Machi

Siku ya upepo.

Filimbi alileta njia yake ya kupima upepo. Barabara ya maghala ina kimteremko kisha tambarare ndefu. Unaanzia kwenye mstari juu, hukanyagi pedali hata kidogo, unaachia breki tu, unateremka, unaenda mpaka baiskeli isimame yenyewe. Hapo Shemeji anachora chaki. Ukikaa vizuri upepo unakushika kidogo, chaki inasogea mbele. Ukikaa vibaya inarudi nyuma. Kitu kimoja tu kinabadilishwa kila mara. Hata mtoto anaelewa.

Mara ya kwanza nilikwenda mbali kupita kiasi, tukashangilia! Kumbe upepo ulikuwa unanisukuma mgongoni. Pacha ndiye aliyegundua. Akafunga utepe wa plastiki kwenye nguzo ya uzio, akasema hakuna kuachia breki mpaka utepe ulale. Kwa hiyo nusu ya asubuhi tulikuwa watu wazima wanne tunakodolea macho mfuko wa plastiki.

Fulana pana: vibaya. Ile suti ya kubana (sitaielezea, inatosha kwamba walinzi wa ghala waligeuka nyuma): chaki mbele. Chupa ya maji nyuma ya kiti badala ya kwenye fremu: mbele kidogo tu. Kuinamisha kichwa: mbele sana. Lakini kilichotushangaza wote ni mabega. Filimbi akaniambia nijifanye kobe. Nivute mabega yapande mpaka masikioni, nikaze, kichwa kizame katikati yake. Nikateremka hivyo, sioni ila lami, nasikia upepo umebadilisha sauti — kwanza ulikuwa unapiga kelele masikioni, mara ukawa mluzi, mara ukanyamaza. Kabisa! Kama mtu kafunga dirisha. Baiskeli ikaenda, ikaenda, nikavipita vistari vyote vya Shemeji, nikamkuta anakimbia na chaki mkononi anapiga mayowe.

Nilipogeuka kurudi nilimwona Pacha kule ukingoni. Alikuwa anajaribu kufanya hivyo hivyo, ameketi, kobe. Bega la kulia likapanda. La kushoto likabaki pale pale. Akajaribu tena. Kisha akaona namwona, akanipigia makofi.

Shemeji anasema tukishinda Mei atamchora kobe kwenye fremu. Amefurahi kuliko siku zote tangu ile ajali. Ameimba njia nzima.

Jumatatu, 16 Machi

Shingo. Siwezi kugeuka kushoto. Wateja wa kushoto wamesubiri.

Jumatano, 18 Machi

Limekatwa.

Fundi alinipandisha tena, akapima, akauliza kila mahali. Nikasema safi. Ni kweli, ni safi. Kiti nimekizoea, mikono inalala yenyewe, nikiinamisha kichwa nakuta kila kitu kipo ninapokitaka. Akachora alama kwenye bomba. Akachukua msumeno wenye meno madogo madogo. Hapo akasita. Akasema sikati mpaka mwenyewe aseme. Safari hii hakunitazama mimi kabisa.

Shemeji alikuwa ananitabasamia mimi, anamtabasamia yeye. Pacha alikuwa ameegemea meza, mikono mifukoni.

"Kata," akasema.

"Una hakika, dada? Hujaipanda."

"Ameipanda yeye. Kata tu, Fundi."

Haikuchukua muda. Kipande kikaanguka mezani, kipete chepesi cheusi, urefu wa kidole gumba. Pacha alikiokota kabla Fundi hajakifagia. Akakitia mfukoni. Nikasema unakifanyia nini? Kumbukumbu, akasema.

Ijumaa, 20 Machi

Baiskeli imelala kwangu tangu itoke kwa Fundi, nimeamka mapema nikaenda nayo peke yangu kabla ya kazi. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni ukaguzi.

Uongo. Nilitaka tu. Barabara tupu, ubaridi mzuri, mabega juu, kobe, na ule ukimya unakuja. Sijui nilikwenda umbali gani. Kwa mara ya kwanza sikukihisi kiti, sikuhisi usukani, sikuhisi kitu chochote kinachoniuma, nikajikuta nacheka mwenyewe kama mwehu. Mimi! Mtu wa baiskeli ya kikapu!

Niliporudi Pacha alikuwa kwenye ngazi amebeba takataka. Alinitazama kuanzia helmeti mpaka viatu. Akasema umependeza. Nikaona aibu, kama nimekamatwa na nguo yake bila kuomba, na sijawahi kuona aibu kuvaa nguo yake. Nikamwambia imekuwa tayari, kesho zamu yako. Akasema eeh.

Jumamosi, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tuliiweka sebuleni kwao kwenye ile roli, Fundi katuazima. Mama alikuja. Filimbi alikuja, filimbi shingoni. Shemeji kafuta fremu mpaka inang'aa. Pacha alitoka chumbani amevaa viatu vyake vya mbio, vile vya zamani.

Akapanda. Mguu wa kulia sawa. Akalaza kiwiko cha kulia, sawa. Kiwiko cha kushoto kikashuka nusu, kikakataa. Akajisukuma. Mwili wote ukapinda upande mmoja, nyonga ikatoka kwenye kiti. Nikaona uso wake ukibadilika rangi. Filimbi akasema pumua, zoea, ni siku ya kwanza. Akajisukuma tena na safari hii alitoa sauti. Sijawahi kuisikia sauti ile kwake. Hata hospitali.

Shemeji alimdaka. Akamshusha kama mtoto.

"Hainikai," Pacha akasema. Basi. Neno hilo tu.

Tukampigia Fundi, akaja na mkoba wake. Alimgusa Pacha bega, akamwomba ainue mkono, ukafika usawa wa kidevu ukakwama. Mfupa wa mtulinga uliunga vibaya baada ya ajali. Aliusikia kwa vidole vyake wakati huo huo, mbele yetu sote. Mbele panatakiwa papande, akasema, papande sana, zaidi hata ya palipokuwa mwanzo. Na bomba? Bomba limekwisha. Limeungana na uma wa mbele unaoshika gurudumu, itabidi uma wote uagizwe mwingine, na ukifika Mei itakuwa imeshapita. Alisema pole yake kwa baiskeli, akiishika kiti. Nadhani hakuweza kututazama.

Mama alikuwa anarudia tu, lakini hawa ni sawa, hawa ni sawa, nimewapima tangu wadogo. Shemeji alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika miwani yangu ya kukinga upepo. Mtu anayefukuza wateja dukani kwa sababu wametaka apimwe kaka badala ya mume! Nilimwona na bega lake moja pale ukingoni. Nilimwona kwa macho yangu, nikaliandika humu humu, nikaendelea na hadithi ya kobe.

Jumapili, 22 Machi

Hakuna aliyebisha hodi kwa mwenzake. Nimesikia redio yao imewashwa, imezimwa, imewashwa.

Jumatatu, 23 Machi

Shemeji amenipitishia baiskeli. Kaiegemeza kwenye korido yangu taratibu, akasema shemeji, kaa nayo wewe, yeye akiiona hali chakula. Nikamwomba msamaha. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyetaka iwe kama zamani upesi upesi. Macho mekundu. Tukabaki tunanyang'anyana kosa kama watu wanaogombania mzigo mmoja.

Baadaye Filimbi kapiga simu. Ana wazo. Nafasi ya Pacha Mei ipo, baiskeli ipo, na yuko mtu ambaye baiskeli inamkaa. Niogelee kidogo, nikimbie kidogo, muda upo. Nimejibu nitafikiri. Nimekata simu moyo unanienda mbio — na si kwa hasira. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 24 Machi

Pacha alikuja dukani saa ya chakula, bosi hayupo. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akavua miwani yake ya kusomea akasema nikazie, inateleza.

Nikaichukua, nikataka kuivaa mwenyewe kuijaribu. Nimefanya hivyo miaka yote, naivaa mimi, ikinikaa nampa. Nikaishika hewani. Sikuivaa. Nikamvisha yeye, nikainama nikamtazama usoni sawasawa, kama mteja aliyetoka barabarani simjui. Sikio lake la kushoto liko chini kuliko langu. Si kwa ajali. Ndivyo alivyoumbwa.

Nikauliza, "Hii miwani imekuwa ikikuumiza?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunitengenezea." Akacheka. "Si uliifurahia mno, Pacha. Ningesema nini?"

Nikauvuta mlango nikageuza kibao, tumefunga.

Akatoa mfukoni kile kipete cheusi akakiweka juu ya kaunta katikati yetu. Akasema alijua. Anayemchua bega kamwambia tangu Januari kwamba mkono hautapanda zaidi ya pale. Alijua siku ya pete. Alijua siku ya kobe. Nikamuuliza sasa kwa nini ulisema kata? Kisha akaongea upesi upesi, ameinamia kaunta. Kwa sababu kila siku kuna mtu anauliza lini. Utarudi lini, utapanda lini. Mume wake, Filimbi, Mama, mimi. Kwa upendo wote! Na yeye akisikia tairi nyuma yake barabarani, hata akitembea kwa miguu, anaganda, mate yanakauka. Akaona bomba likikatwa litakuwa kosa la bomba. Hakuna atakayeuliza tena. Na baiskeli haitapotea bure, itakuwa yangu.

"Ulivyokuwa unateremka pale," akasema, "nilijiona. Mimi yule wa zamani, mzima. Nikasema basi, aendelee yeye kwa niaba yetu."

Nikaanza kulia hapo hapo dukani. Nikamwambia sitaki kuwa wewe, Pacha. Nikamwambia nakutaka wewe. Sikuwa na maneno bora. Akanipa kile kitambaa cha kufutia vioo.

Miwani nimeitengeneza upya juu ya uso wake. Nilimuuliza kila nilipogusa. Hapa? Hapa? Akatikisa kichwa, akachezesha pua, akasema loo. Ikatulia.

Kaniomba nisimwambie Shemeji, atamwambia mwenyewe. Kisha akauliza Filimbi kanipigia? Nikasema ndiyo. Akasema kubali.

Alhamisi, 26 Machi

Amemwambia. Nimejua kwa sababu Shemeji alinibishia hodi asubuhi kabla hajaenda kazini, akasimama tu. Alisema jambo moja, kwamba miezi yote hii alidhani anamtia moyo. Kisha akashuka ngazi bila kuaga, halafu akapanda tena kuja kuaga.

Filimbi kanikalia kooni. Anataka jibu Jumamosi, majina yanafungwa. Baiskeli iko hapa koridoni, kila nikipita kwenda bafuni kiwiko changu kinaigusa. Nataka kwenda Mei. Naam, nataka! Na sitaki kwenda nikimwacha yeye ukingoni anapiga makofi.

Jumamosi, 28 Machi

Asubuhi. Naandika haraka, nimesimama jikoni.

Pacha kabisha hodi, helmeti kichwani, ile mpya aliyonunuliwa na hajaivaa hata siku moja. Hakuitazama ile nyeusi. Akauliza baiskeli yako ya kikapu ina upepo? Nikasema tairi la nyuma linapoteza kidogo. Akasema nipe pampu.

Tumeshuka nayo uani. Nilimwambia kabla hujapanda nakupima. Akasema si tuko sawa? Nikamwambia hatuko sawa hata kidogo, kaa hapo, na tukacheka wote wawili. Akakaa, mimi nimeshika usukani. Kisigino kwenye pedali, goti linyooke. Halikunyooka, mguu wake umekuwa mgumu. Nikashusha kiti. Tena. Nikaupandisha usukani mpaka mwisho, ukarudi nyuma karibu na kifua chake, akaketi wima kama mwalimu mkuu. Mabega? Akayaacha yaanguke. Akasema hapa sisikii maumivu. Usiguse tena.

Tunakwenda mpaka kwenye kona tu. Kona ile alipogongwa. Dirisha langu la jikoni linaiona, nimeitazama asubuhi nzima, magari machache. Mimi nitapanda ile nyeusi, hakuna nyingine. Nilidhani atataka nitangulie nimfungulie njia. Akasema hapana. "Wewe nyuma yangu. Nikisikia tairi, nijue ni lako."

Nimepanda juu kuchukua helmeti yangu nikajikuta nimeshika kalamu, maana mikono lazima niipe kazi. Simu ya Filimbi imeita mara mbili hapa mezani. Shemeji yuko kwenye ngazi, naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Hashuki, hapandi, amekula kiapo hatauliza kitu.

Pampu imenyamaza.

Kengele. Kengele yangu ile ya kutu, nimeizoea kuipiga mimi, sijawahi kuisikia kutoka juu. Inalia tena. Nachungulia — uani hayupo! Yuko nje ya geti, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, anatazama barabara. Hainui kichwa kunitafuta. Anaipiga tu kengele. Nakuja, nakuja, helmeti iko wapi, ilikuwa hapa juu ya friji —